Jua Likipatwa, Tega Sikio

Kama uko jikoni endelea kukuna nazi yako, na kama uko njiani usiegeshe gari kwa ajili yangu. Mazungumzo ya leo hayahitaji macho. Ni habari ya kupatwa kwa jua, ila tutaichukua kwa upande wa masikio.

Nyumbani kwetu tulikuwa na redio moja ya betri nne kubwa. Baba alifunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye tawi la mwembe, na mimi nilikabidhiwa kazi ya betri: zikichoka nizianike juu ya bati tangu asubuhi, nizigeuze kama mtu anayeanika dagaa, kisha nizirudishe zikiwa bado za moto. Zilifufuka kwa siku mbili, tatu. Mchana redio hiyo ilishika kituo kimoja tu kwenye masafa ya kati, na hicho nacho kwa kubembelezwa. Lakini magharibi ikishaingia, baba alikaa akizungusha kitufe polepole, kama anayepima dawa, na nyumba ikajaa wageni. Kirundi hicho, kutoka Bujumbura. Kireno, kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kiarabu cha mtu anayesoma habari mbio mbio utadhani anadaiwa. Taarabu ya Unguja, ikipanda na kushuka kama inayopepewa.

Babu mmoja jirani, asiyeona, alikuwa akija kusikiliza na sisi. Usiku mwingine usingizi ukimkatalia aliachiwa redio barazani hadi asubuhi. Huyo hakuhitaji jogoo. Alijua kunakucha kwa jinsi Bujumbura inavyoanza kufifia, ikimezwa na mkwaruzo, ikirudi kidogo, ikipotea. "Wameondoka," alikuwa akisema, na kweli ukitoka nje unakuta mashariki kumeanza kupambazuka.

Nilimwuliza baba: kwa nini usiku tu? Akanijibu, "Usiku dunia imetulia mwanangu, sauti zinafika mbali." Niliishi na jibu hilo miaka mingi, na ni jibu tamu. Ubaya wake ni kwamba utulivu wa dunia hauhusiki hata chembe. Kuna kitu kilichokuwa juu ya vichwa vyetu mchana kutwa, kikizila sauti zile, na jua lilipozama kikaondoka.

Tupande huko juu kidogo. Hebu isimamishe wima barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Chalinze, kama kilomita 100 hivi. Ukiipanda, mawingu utayaacha chini mapema kabisa, ndege za abiria utazipita ukiwa bado hujafika mbali, na kuanzia kilomita 60 utaingia katika hewa nyembamba ambayo jua linaichezea kwa namna ya pekee. Miale ya jua tusiyoiona, ile ya urujuanimno na ya eksirei, inazipiga atomi za hewa na kuzing'oa elektroni zake. Zinabaki elektroni zinazoelea peke yake, na atomi zilizonyang'anywa, ambazo wataalamu wanaziita ioni. Eneo lote hilo ndilo ionosfia. Jina lenyewe lilipendekezwa na Robert Watson-Watt mwaka 1926, Mskoti yule aliyekuja kujulikana baadaye kwa rada.

Ionosfia ina matabaka, na yamepewa herufi badala ya majina. Tabaka la D liko chini, kati ya kilomita 60 na 90. La E liko juu yake, karibu na pale Chalinze yetu ya angani. La F ndilo la juu na nene kuliko yote. Linaanzia kama kilomita 150 na kuendelea hadi mamia, yaani barabara yako iliyosimama wima ingebidi ipite Chalinze, ipite Morogoro, ielekee Dodoma.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye siri ya mwembe wetu. Wimbi la redio likifika kwenye elektroni, linazitikisa. Huko juu, kwenye F, hewa ni chache mno, kwa hiyo elektroni inatikisika bila kugongana na kitu, na nguvu iliyopewa inairudisha kwenye wimbi. Wimbi linapindwa taratibu mpaka linashuka tena ardhini, mamia au maelfu ya kilomita kutoka lilikotoka. Lakini kwenye D hewa bado ni nzito kiasi. Elektroni ikianza kutikisika tu inajigonga kwenye molekuli, na nguvu ya wimbi inaishia pale pale kama joto. Mawimbi ya masafa ya kati ndiyo yanayoonewa zaidi. Mtangazaji wa Bujumbura mchana alikuwa anazungumza vile vile kama usiku. Sauti yake ilipanda, ikaliwa na D, ikawa joto kidogo la anga ambalo hakuna aliyelihisi.

Na D ni tabaka la kibarua wa kutwa. Jua likiondoka, elektroni zinarudiana na ioni zake haraka, suala la dakika, na tabaka zima linakwisha. F lina subira. Hewa yake ni nyembamba, elektroni na ioni zinachukua muda mrefu kukutana, kwa hiyo linapungua usiku lakini halitoweki. Mlaji ameondoka, mrudishaji amebaki. Bujumbura imefika.

Ukishalijua hilo, kupatwa kwa jua kunageuka kuwa jambo jingine kabisa. Kiswahili kinasema jua "limepatwa". Mgonjwa amepatwa na homa, msafiri amepatwa na ajali. Jua limepatwa tu, na hatumalizii limepatwa na nini. Nami nasema jua lenyewe, huko liliko kilomita milioni 150 kutoka hapa, halina habari. Mwezi umepita katikati, umetupa kivuli. Aliyepatwa ni anga letu.

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, Mbarali, katika zile tambarare za Usangu wanakolima mpunga. Wakati ule kivuli cha mwezi kilikata Afrika kutoka Gabon, kikapita Kongo, kikaingia Tanzania na kutokea kaskazini mwa Msumbiji kuelekea Madagaska. Ilikuwa ni kupatwa kwa pete: mwezi ulikuwa mbali kidogo, haukutosha kulifunika jua lote, ukaacha ukingo wa moto kuzunguka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali penye kitu cha bure. Wenye miwani maalumu waliazimana kwa zamu. Kina mama wengine waliweka ndoo ya maji. Mtoto mmoja akagundua, kabla yetu sote, kwamba chini ya mti kila kitundu cha mwanga kati ya majani kilikuwa kimegeuka hilali, mamia ya hilali ndogo zikitetemeka kwenye vumbi, akawa anazikanyaga. Karibu na saa sita mchana mwanga ukawa wa ajabu. Haukuwa wa jioni, maana vivuli vilikuwa vifupi chini ya miguu yetu, ila ulikuwa umechuja, kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Ubaridi ukashuka. Watu wakapiga kelele.

Na mimi, mtu wa redio, nilikuwa na redio ndogo ya masafa ya kati na mafupi kwenye begi mgongoni. Sikuitoa. Nilikuwa nimekodoa macho juu kama wenzangu wote. Nimekwisha kujilaumu kwa hilo vya kutosha, kwa hiyo wewe usinilaumu. Lakini fikiria: juu yetu, mchana kweupe, tabaka la D lilikuwa likipungua dakika kwa dakika kwa maelfu ya kilomita kuzunguka, maana kivuli chepesi cha pembeni ni kikubwa mno kuliko njia ile nyembamba ya pete. Na mimi nilikuwa nimebeba chombo cha kulisikia hilo, kimezimwa.

Historia ya jambo hili imejaa watu waliokumbuka kuwasha. Mwaka 1901, mwezi wa Desemba, Guglielmo Marconi alikaa kilimani St. John's, Newfoundland, waya wake ukiwa umeinuliwa na tiara, akasema amesikia alama tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wengi hawakuelewa zimefikaje, maana ardhi imepinda na mawimbi yalidhaniwa kwenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi. Mpaka leo wapo wanaotilia shaka kama kweli alisikia, na sababu yao ni D: ilikuwa mchana, na mchana D linakula. Miezi michache baadaye akiwa kwenye meli iitwayo Philadelphia alijionea mwenyewe: mchana alama zilikatika baada ya kama maili 700, usiku zilimfikia hadi zaidi ya maili 2,000. Hakujua kwa nini. Arthur Kennelly huko Marekani na Oliver Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, wakasema mwaka huo huo wa 1902 kwamba lazima juu kuna tabaka linalopitisha umeme.

Kulisema na kulithibitisha ni mambo mawili. Huwezi kuliwasha na kulizima anga uone kama redio inabadilika. Machweo yanalizima, ndiyo, lakini machweo yanakuja na mambo mengi mengine, polepole, kila siku. Kupatwa kwa jua ndiyo swichi. Tarehe 17 Aprili 1912, siku mbili tu baada ya Titanic kuzama, jua lilipatwa Ulaya magharibi, na mwanafizikia William Eccles akakaa London na kipokezi chake akisikiliza ile mikwaruzo ya asili inayoletwa na radi za mbali, aone kama kivuli kitaigusa. Na kwa kuwa nimeitaja Titanic: ile meli iliomba msaada usiku, D likiwa halipo. Mitambo yake mchana ilitegemewa kufika maili mia chache, usiku iliweza kufika mbali mara kadhaa zaidi.

Aliyelikamata anga kwa mikono miwili ni Edward Appleton. Napenda jinsi alivyofanya kwa sababu alitumia kituo cha redio cha kawaida, cha muziki na habari. Usiku mmoja wa Desemba 1924, mtambo wa BBC wa Bournemouth ulipomaliza matangazo yake, fundi aliambiwa asiuzime. Aubadilishe urefu wa wimbi taratibu, mbele na nyuma. Kule Oxford, Appleton na mwanafunzi wake Miles Barnett, kijana kutoka New Zealand, walisikiliza ishara ikikua na kufifia, ikikua na kufifia. Wimbi lililokuja kwa ardhi lilikuwa linakutana na wimbi lililokuja kwa juu, mara yanasaidiana, mara yanauana. Kwa kuhesabu mipando na mishuko hiyo wakapata urefu wa paa: kama kilomita 90 hadi 100. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 29 Juni 1927, jua lilipatwa kabisa kaskazini mwa Uingereza, asubuhi na mapema, na Appleton alikuwa tayari na vyombo vyake. Kivuli kilipopita, tabaka lile likaanza kujifanya la usiku. Nobel ya fizikia alipewa mwaka 1947.

Lakini kesi niipendayo ni ya 1932. Wakati huo ilikuwa inajulikana kwamba jua ndilo linalolitengeneza tabaka, ila kwa mkono upi? Wengine walisema kwa mwanga, ule wa urujuanimno. Wengine walisema jua linarusha pia chembe, vumbi lenye umeme, na hizo chembe ndizo zinazolijenga. Utawatenganishaje? Sydney Chapman akapiga hesabu. Mwanga unatoka juani na kufika hapa kwa dakika nane na kitu. Chembe ni za mwendo wa pole, zinachukua siku nzima au zaidi. Ukikimbia na mwavuli kwenye mvua, pale pakavu hapako sawasawa na kivuli cha mwavuli, kwa sababu mvua haishuki kwa haraka kama mwanga. Mwezi nao ni mwavuli unaokimbia. Kwa hiyo, alisema Chapman, kutakuwa na vivuli viwili: cha mwanga, tunachokiona, na cha chembe, kisichoonekana, ambacho kingepita mapema zaidi, kwa makadirio ya saa mbili hivi, na mahali pengine. Tarehe 31 Agosti 1932 jua likapatwa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani. Wapimaji wakakaa na mitambo yao muda wote, kabla na baada. Kivuli cha chembe kilipotakiwa kufika, hakuna kilichobadilika cha maana. Kivuli cha mwanga kilipofika, elektroni zikashuka pamoja nacho kama abiria wanaoteremka basi likisimama. Mwanga ukashinda kesi.

Sijui wewe, lakini mimi naona hakuna mahakama nzuri kama hiyo. Hakuna wakili, ni kivuli tu kinachofika kwa wakati au kisichofika.

Basi tuje kwa siku zetu. Kivuli kinakwenda mbio sana. Mwaka 1973, tarehe 30 Juni, wanasayansi walipanda ndege ya Concorde, wakaruka kutoka visiwa vya Canary, wakakifuata kivuli juu ya Sahara kwa mwendo maradufu wa sauti, na wakakaa ndani yake dakika 74. Kivuli hicho hicho ndicho kilichoendelea na safari yake hadi Ziwa Turkana, na pale hakikuwa na Concorde, kilikuwa na wavuvi. Sasa, chombo kikienda majini haraka kuliko mawimbi yanavyoweza kukimbia, maji hujikusanya omoni na kutanuka pande mbili kama mabawa. Mwaka 1970 wataalamu wawili, Chimonas na Hines, walisema kivuli cha mwezi kingefanya vivyo hivyo angani, maana kinapoza hewa ghafla huku kikienda haraka kuliko sauti. Picha ya wazi ya hesabu hiyo ikasubiri hadi tarehe 21 Agosti 2017, kivuli kilipoikata Marekani kutoka pwani hadi pwani. Safari hii ardhini kulikuwa na vipokezi vya setilaiti vya GPS vipatavyo 2,000, kila kimoja kikipima elektroni kati yake na setilaiti. Watafiti wa kituo cha Haystack cha MIT wakaichora picha, na mabawa yakawepo. Mwezi ulikuwa umepita angani kama jahazi.

Siku ile wenye redio za ridhaa nao walikuwa kazini. Hawa ni watu wanaozungumza dunia nzima kwa mitambo yao ya nyumbani, kwa mapenzi tu. Nathaniel Frissell, ambaye sasa anafundisha Chuo Kikuu cha Scranton, Pennsylvania, aliwapanga chini ya kundi liitwalo HamSCI: zungumzeni sana kadiri mnavyoweza, kompyuta zitaandika nani kamsikia nani. Kwenye megahezi 14, masafa ya mchana, mazungumzo yalidorora, kwa kuwa F lilikuwa limepungua na mawimbi yakapenya kwenda zake angani bila kurudi. Kwenye megahezi 7, 3.5 na 1.8, masafa ya usiku, milango ikafunguka, kwa kuwa D lilikuwa limekonda. Yaani walikuwa na usiku wa saa mbili katikati ya mchana, na waliuona bila kuinua kichwa. Wengine walitegea kituo cha WWV cha Fort Collins, Colorado, ambacho kazi yake ni kutangaza saa: tik, tik, tik. Tabaka linalorudisha mawimbi likipanda, njia inarefuka, na mlio unashuka kidogo sana, kama honi ya basi linalokupita likiondoka. Likishuka, mlio unapanda. Kompyuta ilichora mstari unaozama na kuibuka, na mzamo ule ndio mwezi.

Shirika la anga la Marekani likaona lisiachwe nyuma, likapeleka roketi ndani ya ionosfia yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2023 walirusha tatu kutoka White Sands, New Mexico, na tarehe 8 Aprili 2024 wakarusha tatu kutoka Wallops, Virginia: moja dakika 45 kabla, moja wakati wenyewe, moja dakika 45 baada. Kiongozi wao, Aroh Barjatya, na wenzake waliupa mradi jina la APEP, na si kwa bahati. Apep ni nyoka wa Misri ya kale aliyekuwa akilivizia jua ili alimeze.

Nilishasema D linakwisha na F linapungua, lakini nisikudanganye kwamba anga linazimika kabisa. Hata pale mwezi unapolifunika jua lote, taji lake, ule mng'ao mweupe unaoonekana pembeni, linaendelea kumwaga eksirei na miale mikali. Mwezi unaziba sahani, hauzibi kila kitu. Ndiyo maana mchoro wa elektroni kamwe haufiki sufuri.

Huku kwetu mambo yana kiungo cha ziada. Ikweta ya usumaku wa dunia haipiti Nanyuki wala Kisumu. Inapita kaskazini zaidi, Ethiopia. Juu ya mstari huo, mchana, elektroni zinainuliwa kama maji ya chemchemi, kisha zinateleza kufuata mistari ya usumaku na kumwagika pande mbili. Lundo la kusini linaangukia angani kwetu, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo jua likipatwa Ethiopia, chemchemi inapungua nguvu, na saa kadhaa baadaye lundo la kwetu laweza kuwa dogo, ingawa sisi tulikuwa tumekaa juani. Kuna pia mkondo wa umeme unaopita kwenye mstari huo, zaidi kidogo ya kilomita 100 juu, na kituo cha Addis Ababa kimekuwa kikipima usumaku wake tangu 1958. Katika baadhi ya siku za kupatwa kwa jua mkondo huo umeonekana ukidhoofika, mara nyingine ukigeuka na kwenda kinyume. Mpima ardhi anayetegemea GPS ana kila sababu ya kujua haya, kwa kuwa elektroni hizo huchelewesha ishara ya setilaiti, na kila kucheleweshwa ni mita.

Kuhusu ule ujumbe unaosambaa kwenye simu kila jua au mwezi unapokaribia kupatwa, kwamba miale hatari inapita, zimeni simu, msilale nazo: futa. Simu yako inazungumza na mnara ulio mtaani. Katika mazungumzo hayo haina habari na ionosfia. Kadhalika FM. Mawimbi yake kwa kawaida yanapenya matabaka yote na kutokomea. Usafi wa sauti ya FM sote tunaufurahia, mimi nikiwa wa kwanza, lakini umetugharimu kitu: vituo vingi vimezima masafa ya kati, na kizazi kizima kimekua na redio isiyowahi kuonja anga.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kutoka Hispania, kupitia Afrika ya Kaskazini, hadi Luxor, ambako giza litakaa zaidi ya dakika sita juu ya makaburi ambayo kuta zake zimechorwa yule nyoka Apep. Kisha Jeddah na Makka, Yemen, na ncha ya Somalia. Wasikilizaji wetu walioko Ghuba watapata sehemu kubwa, na sisi wa pwani kipande. Kisha asubuhi ya tarehe 21 Mei 2031 pete itarudi, Angola, Kongo, Zambia, na kusini mwa Tanzania.

Ukitaka kusikia, tafuta redio yenye masafa ya kati, na siku mbili kabla, saa ile ile, zungusha uandike unachokipata na usichokipata. Siku yenyewe andika kila baada ya dakika tano. Na kumbuka kwamba wimbi linaigusa ionosfia katikati ya njia, nusu ya safari kati ya mnara na wewe. Kivuli kikipita pale katikati, ndipo utasikia. Wewe mwenyewe waweza kuwa na jua kamili kichwani. Mwaka 1999, jua lilipopatwa Uingereza, watafiti wa huko waliwaomba wananchi wasikilize kituo cha kaskazini mwa Hispania, ambacho mchana wa kawaida hawakipati, na watu wa kawaida kabisa wakakaa na redio zao na kalamu. Huenda usisikie kitu. Andika hivyo hivyo. Hicho nacho ni kipimo.

Mimi ile ya 2031 ndiyo ninayoihesabia siku, kwa sababu itakuwa asubuhi. Vituo vya mbali vitakuwa vimeshaaga, D limeshaamka. Namfikiria yule babu wetu barazani, chai yake imekwisha, redio inakwaruza mkwaruzo mtupu. Halafu, katikati ya mkwaruzo, mtu anaongea Kirundi. Anakuja, anapotea, anakuja zaidi. Babu anaweka kikombe chini na kuita ndani, aulize ni nani amemwacha alale mpaka jioni yote hii bila kumwamsha.